Nyimbo Tano za Kuvukia Baridi

Shufaa, umeniomba nyimbo tano
za kukuvusha baridi ya Aberdeen.
Nimekaa kwenye duka la kufulia, Mtaa wa Duke,
shuka zangu zinazunguka nyuma ya kioo,
mvua ya Glasgow inaandika na kufuta,
nami naandika na kufuta.

Anza na huu.
Binti mmoja wa Dundee, kinanda cha mtumba,
kaurekodi jikoni kwao usiku wa manane.
Dakika ya pili, tega sikio, birika linachemka.
Hakulikata. Kaliacha lipige mluzi
mpaka likajipatia nafasi kwenye kiitikio.
Mimi huo nausikiliza nikimenya vitunguu,
nisije nikaulizwa machozi ni ya nini.

Wa pili hauna maneno. Usiogope.
Dakika tisa za besi, na kitu kama bomba linalovuja:
to, to, to,
kimya,
to.
Mwaka ule wa zamu za usiku,
nikisukuma mikokoteni ya mashuka pale hospitali,
korido ndefu, taa zikijiwasha moja moja mbele yangu,
huo ndio ulionipa miguu.
Kwenye dakika ya sita kuna kitu kinaingia,
sijui nikiiteje. Ni kama mtu kafungua dirisha
katika nyumba uliyodhani haina madirisha.
Usiusikilize kwenye simu, utaudhulumu.
Tafuta spika. Azima kwa jirani, piga hodi,
ndiyo hivyo watu wanavyojuana huko.

Wa tatu nimeuandika, nimeufuta.
Huo ulikuwa wa watu wawili:
hedifoni moja, yeye sikio la kushoto, mimi la kulia,
basi la mwisho kutoka Partick.
Unamjua. Tuishie hapo.
Tangu siku hizo nina nusu ya wimbo tu,
gitaa lilibaki upande wake.

Wa nne ni wa vijana watatu wa Paisley.
Walipiga chini ya ardhi, ukumbi wa watu arubaini,
tulikuwa kumi na mmoja,
na mmoja wetu alikuwa mama wa mpiga ngoma.
Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga;
hii haikuvuma hata siku moja
na haikudumu vilevile.
Kaseti yao ninayo, cha kuichezea sina.
Lakini kiitikio, Shufaa, kiitikio!
Nakisikia *mama ngoja, mama ngoja*.
Naapa. Kijana mwenye nywele nyekundu,
lafudhi nzito kama uji wa shayiri,
ananiimbia Kiswahili bila kujua.
Kuna mtu alitaka kunionyesha maneno yenyewe,
nikaziba masikio kama mtoto.
Niacheni na kosa langu.
Mwezi ule niliokosa nauli ya kuwahi maziko,
watu walinipa pole nyingi, na keki,
ila ni yeye peke yake
aliyesema nilichotaka kusema.

Wa tano silijui jina lake.
Ulinikuta dukani Shawlands, mbele ya friji za njegere.
Nikainua simu juu, kama mtu anayetafuta mtandao,
initambulie. Friji ikanguruma.
Simu ikasema haijasikia kitu.
Nikamuuliza aliyekuwa zamu,
akaniangalia: wimbo gani?
Una sauti ya mwanamke iliyokatwakatwa kwa mkasi.
Unapanda ngazi tatu, unasita, unashuka mbili.
Tuu-tu-tu, tu,
tuu-tu.
Nauimbia puani sasa hivi, na bibi mwenye kikapu
amehamia benchi la pili.

Ukiusikia huko, kwenye lifti, saluni, popote,
usihangaike na jina.
Nipigie, inua simu juu, usiseme kitu.

Mashine imesimama.
Nimehesabu mara mbili:
kuna soksi moja hapa si yangu.